Unga wa Kuku kwenye Uji Wangu

Nilikula unga wa kuku. Nianze hapo, kwa sababu kwa miezi mingi nilikana, na nilikana vizuri, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Nilimkatalia mume wangu, nikamkatalia wifi yangu ambaye kuku walikuwa wake, nikawakatalia madaktari wawili walioniuliza kwa upole kama kuna kitu chochote ninachotumia mbali na chakula cha kawaida. "Hakuna, Dokta," nilisema, na unga wenyewe ulikuwa bado tumboni pamoja na uji wa asubuhi.

Sikuwa nimerukwa na akili. Nilikuwa mgonjwa, na nilikuwa na shahada ya chuo kikuu. Vitu hivyo viwili vikikutana ndani ya mtu mmoja, jamaa zake wanahitaji maombi.

Naandika sasa kwa sababu naweza kusimama jikoni mpaka maharagwe yaive bila kushika ukuta. Zamani nisingeliona hilo kuwa jambo la kuandika. Ninamwandikia mtu aliyeketi kwenye benchi la hospitali leo, ambaye miguu yake imeanza kumsahau, na ambaye ana jambo dogo la aibu analolificha. Sitamfundisha udaktari. Nitamsimulia tu.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Goma, na nikipata nafasi ninaandika makala fupi zinazosomwa na rafiki zangu na watu wanaotafuta kama nimewataja. Nilizaliwa Butembo. Mume wangu, Papa Neema, ni mtu wa Masisi. Tunakaa Keshero, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkeno, na binti yetu Neema anasoma chuo huko Butembo kwa ndugu zangu.

Kabla ya miguu yangu kuna miguu ya mama yangu. Nyumbani kwetu tunasema ugonjwa ulimkalisha. Nilikuwa chuoni Kisangani wakati wa vita vya kwanza, barabara zikakatika, na nilipofanikiwa kufika nyumbani nilimkuta kwenye kiti mlangoni mwa jiko, amefunikwa kitenge magotini. Ilianza na ganzi ya nyayo, akaniambia. Kisha akawa anaanguka giza likiingia. Kisha kiti. Hakuna daktari aliyeupa ugonjwa ule jina, kwa hiyo shangazi zangu waliupa: ugonjwa wa miguu wa wanawake wa kwetu. Kwenye kiti hicho aliendelea kuchambua maharagwe, kugawa chakula, kutuma watu sokoni na kuwagombeza wakirudi. Kwenye kiti hicho alikufa. Tangu siku hiyo niliishi kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni atakuja lakini hakuambiwa lini.

Mgeni alikuja mwishoni mwa mvua. Nilikuwa natembea kutoka shuleni, nikasikia mwanamke muuza makaa akiniita kutoka nyuma.

"Mwalimu! Umeacha kiatu!"

"Kiatu gani, mama?"

"Cha mguu wa kushoto. Ao unatupandia viatu hapa?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Nikageuka, nikakiona kiatu changu peke yake katikati ya barabara, mbali kabisa, hatua nyingi kuliko nilivyoweza kujieleza. Nilikuwa nimetembea umbali wote huo kwa mguu mtupu juu ya mawe ya Goma, mawe yanayokata hata matairi, na sikuwa nimehisi kitu. Nilipofika nyumbani niliosha damu kwenye unyayo na sikumwambia mtu.

Mwaka huo vita vilishuka kutoka Masisi kuja upande wa Sake, na watu wakashuka navyo. Wengine walijenga vibanda vya plastiki pembezoni mwa mji, wengine wakaenda kwa jamaa. Sisi tulikuwa jamaa. Shangazi wa mume wangu alifika na godoro kichwani na wajukuu nyuma yake, na sebule yetu ikawa chumba cha kulala. Haikuwa mara ya kwanza. Tangu tuoane, nyumba yetu haijakaa mwaka mzima bila watu wa kukimbia. Wakirudi hawa milimani, wanashuka wale.

Ni lazima nieleze jinsi tunavyokula, maana ugonjwa wangu umo humo. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini kila mwanamke anaijua: mwenye nyumba haonekani akitafuna nyama mbele ya mtu aliyekimbia na kuacha ng'ombe wake. Nyama ikipatikana, ni ya wageni na ya baba mwenye nyumba, kisha ya watoto. Sambaza, visamaki vya ziwani kutoka soko la Kituku, vivyo hivyo. Maziwa na jibini ya Masisi vilikuwa vimetoweka pamoja na ng'ombe wenyewe. Mwenye mwiko anabaki na mchuzi, anachovya fufu yake, anasema ameshiba. Nilisema nimeshiba kwa miaka. Niliwahi hata kuandika makala kali kuhusu fungu la mwanamke mezani, makala iliyosifiwa, na jioni ya siku ilipotoka nilichovya fufu kwenye mchuzi kama kawaida.

Wifi yangu, Mama Riziki, dada wa mume wangu, alikuwa anafuga kuku wa nyama katika banda nyuma ya nyumba yetu. Ni mwanamke mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka ng'ambo. Pamoja na mahindi na soya aliyosaga mwenyewe, alikuwa akinunua unga wa kuchanganya uliotoka Uganda kupitia mpaka wa Bunagana. Kulikuwa na mifuko miwili. Mmoja ulikuwa mkubwa, wa rangi ya waridi, wenye picha ya jogoo. Wa vitamini, wa kila mfugaji. Wa pili ulikuwa mdogo, mweupe, bila picha, na maandishi yake yalikuwa ya Kifaransa cha wakemia. Aliniletea huo nimsomee.

"Wanasema unasaidia kuku wapate nyama upesi. Soma kama haiko sumu."

Nikasoma. Asidi guanidinoasetiki. Chini yake ilieleza kwamba mwili wa ndege huigeuza kuwa kreatini, ambayo ndiyo nguvu ya misuli, na kwamba inawafaa zaidi ndege wanaolishwa nafaka tu, bila kitu chochote kilichotoka kwa mnyama.

Nilirudia mstari huo. Wanaolishwa nafaka tu. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza kwa usahihi namna hiyo.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni niliusoma katika biolojia, kabla biolojia haijaamua kwamba mahali pangu ni fasihi. Neno kreatini nililikumbuka kwa furaha ya mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba aliyohama. Nikatafuta kwenye simu. Nikakuta kwamba watafiti wamewahi kuwapa hata watu asidi hiyo: wanamichezo, wazee, watu wenye uchovu usioelezeka, kwa kipimo, chini ya uangalizi. Maneno "chini ya uangalizi" niliyapita kwa mwendo wa mtu anayechelewa gari.

Zaidi ya hayo, kulikuwa na kuku. Waliokuwa wanakula unga ule walitembea kifua mbele kama maofisa wa duane wanaotoza ushuru mpakani. Mimi nilikuwa nashika meza ili nivae sketi. Asubuhi iliyofuata nilingoja Mama Riziki aende sokoni, nikachukua kijiko kimoja cha chai kutoka kwenye seti ya harusi yetu, nikaingia bandani. Unga haukuwa na ladha ya maana. Uji uliuficha.

Nitakuwa mkweli: majuma ya kwanza nilijisikia vizuri. Sijui kama ni unga au ni kiburi. Nilipanda ngazi za shule bila kupumzika, nikaandika makala mbili, nikamwambia mume wangu kwamba uchovu wangu ulikuwa wa kiangazi tu na umekwisha.

"Kweli?" aliuliza. Ni mtu wa maneno machache. Swali la neno moja kwake ni hotuba.

"Kweli."

Kisha ganzi ikapanda. Ilitoka kwenye nyayo ikaja magotini kama maji yanayojaa mtumbwi polepole, na ikaanza vidoleni pia. Chaki iliniponyoka darasani. Ulimi ukawa laini, mwekundu, unawaka hata kwa maji baridi. Nilisahau majina ya wanafunzi niliowafundisha miaka mitatu. Nikifumba macho kuosha uso, nilianguka. Na mimi, msomi, nilifikia hitimisho la kisomi: kijiko kimoja hakitoshi. Nikaongeza vikawa viwili.

Bandani, Mama Riziki aliona mfuko mweupe unapungua.

"Mama Neema, kuna panya hapa hana adabu. Anaacha mahindi, anakula dawa."

"Ni panya wa vita," nikamjibu. "Wamezoea kupewa msaada."

Alicheka, akatega mtego. Niliuruka kila asubuhi kwa miguu ambayo haikustahili kuruka kitu chochote.

Hospitalini nilipelekwa na mume wangu baada ya kuanguka mlangoni mbele ya shangazi yake. Kuhusu mabenchi ya hospitali ya mji wa vita nina mengi ya kusema, lakini nitasema moja. Ugonjwa usio na damu unaona haya. Kila nilipokaribia mlango wa daktari, gari lilifika kutoka upande wa Sake, wakashushwa watu waliopigwa na mabomu, na sisi wa benchi tukasogea wenyewe bila kuambiwa. Utasema nini? Kwamba nyayo zako zinasisimka? Kando yangu aliketi mama mmoja wa Masisi mwenye mtoto wa homa. Alinitazama nikijaribu kusimama ili nimpishe mtu mwenye mkono uliofungwa kwa shuka.

"Kaa, mama," aliniambia. "Na weye uko mutu."

Nimesahau majina ya dawa nyingi, lakini sentensi hiyo sijaisahau.

Daktari wa kwanza alikuwa hajalala, ilionekana. Alinigonga magoti, akasema ni hofu ya vita, watu wengi wanayo. Aliniuliza ninatumia nini. Hakuna. Daktari wa pili, mwanamke kijana mwenye miwani, niliyemwona mvua ziliporudi, hakusema ni hofu. Aliniuliza kuhusu wazazi wangu. Nikamweleza kiti cha mama yangu. Aliandika kwa muda mrefu, na uso wake ukawa mzito.

"Kuna magonjwa ya mishipa ambayo hupita katika familia," alisema. "Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana. Una kitu chochote unachokunywa? Dawa za kienyeji? Vidonge vya sokoni?"

"Hakuna, Dokta."

Nilirudi nyumbani nikiwa na mama yangu ndani ya miguu yangu. Kosa langu lilikuwa kumwambia Neema kwenye simu. Aliniuliza maswali ya mzaha, na baadaye dada yangu wa Butembo aliniambia kwamba mtoto huyo sasa anatembea jikoni kwa visigino, mbele na nyuma, macho yamefumbwa, anajipima. Juma lililofuata alisema ataacha masomo arudi kunitunza.

"Kwanza barabara imefungwa," nilimwambia.

"Nitapita Uganda."

"Neema, miye siko mutoto."

"Mama yako naye alisema hivyo?"

Nilikata simu. Hapo ndipo jambo lote liliposimama, na tangu siku hiyo sikuwaza kingine: je, hiki ni kiti cha mama yangu? Kama ndicho, basi kilikuwa kinapitishwa kutoka mkono hadi mkono, na binti yangu alikuwa tayari amenyoosha wake.

Kisha ikaja siku ambayo mabomu yalianguka karibu na mtaa wetu na watu wakaanza kumiminika kuelekea mpakani. Goma kila mtu anajua kukimbia. Ni elimu yetu ya kwanza. Unachukua sufuria, unga, watoto, vyeti, unafunga mlango kana kwamba utarudi jioni. Mimi nilikaa kitandani nimevaa viatu, kimoja kikiwa cha mguu mwingine, nikasikia familia ikijadiliana nyuma ya ukuta.

"Nendeni na watoto," nilisema kwa sauti. "Miye nitabaki na kuku."

Mume wangu alitoka nje. Mume wangu alirudi na mzee mmoja wa jirani mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao tunayobebea viazi na makaa.

"Muzee, tubebe kwanza godoro ao mama?" Papa Neema aliuliza.

"Godoro chini, mama juu, maharagwe nyuma," mzee alisema. "Gunia halisemi, lakini mama atasema kama anaumia." Akanitazama. "Mwalimu, uko na kilo ngapi?"

"Muzee, hiyo swali hata mume wangu hajawahi kuniuliza."

"Mumeo hasukumi chukudu."

Lakini siku hiyo alisukuma. Nilipanda juu ya godoro langu nikiwa nimeshika usukani wa mbao, na mume wangu na mzee wakanisukuma katikati ya maelfu ya watu. Niliona visogo vya watu wengi. Mgongo wa shati la mume wangu ulilowa. Mwanafunzi wangu mmoja alinitambua, akaniamkia kwa Kifaransa, kwa adabu kamili, katikati ya ule mkimbio, nami nikamrekebisha kosa la sarufi. Kisha nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kwamba mtu akitaka kumkamata mume wangu siku hiyo hakuhitaji bunduki. Ilitosha kungoja mahali ambapo njia inapanda.

Hatukuvuka mpaka. Risasi zilinyamaza, tukalala kanisani, na baada ya siku chache tukarudi Keshero. Nyumba ilikuwepo. Ajabu zaidi, kuku walikuwepo, wamechafuka na wana hasira. Mama Riziki aliingia bandani akiimba. Alitoka amenyamaza. Alikuja mpaka kitandani kwangu, akasimama juu yangu, na mkononi alikuwa ameshika kijiko cha chai chenye ua dogo kwenye mpini. Siku ya kukimbia nilikisahau ndani ya mfuko.

"Mama Neema. Panya gani anatumia kijiko?"

Nilikitazama kile kijiko cha harusi yetu. 

"Ni miye," nilisema.

"Weye panya?"

"Miye panya."

Alikaa sakafuni, akacheka mpaka kilemba kikaanguka. Shangazi alikuja kuona kuna nini, naye hakuambiwa. Halafu Mama Riziki akafuta macho, na nikaona kwamba kicheko kilikuwa kimekwisha kitambo na machozi bado yanaendelea.

"Ulikuwa unakula dawa ya kuku wangu kwa hofu ya kufa," alisema, "na mimi nilikuwa natega mtego. Ungeumia mguu, ningesema nini kwa kaka yangu?"

Kesho yake tulikuwa kwa daktari mwenye miwani. Mama Riziki aliweka mifuko yote miwili juu ya meza yake, vumbi la kuku na yote. Nilisema niliyotakiwa kusema. Daktari hakucheka wala kunikemea. Alichukua chuma kinachotetema, akakiweka kwenye kifundo cha mguu wangu. Aliona kinatetema, mimi sikuhisi chochote. Akaniambia nitoe ulimi. Aliutazama kama mtu anayesoma barua iliyomfikia kwa kuchelewa.

"Unakula nini, mama? Si wageni. Wewe."

Nilianza kumweleza mezani kwetu kuna nini. Alinikatiza.

"Sikuuliza kwenu kunapikwa nini."

Basi nikamwambia: fufu, maharagwe, sombe ya majani ya muhogo, uji. Na mchuzi.

"Tangu lini?"

Ilinibidi nifikirie vita kwanza, kisha miaka.

Alimgeukia wifi yangu. "Na kuku?"

"Kuku?" Mama Riziki alishangaa kuulizwa. "Mahindi, soya, sambaza zilizovunjika ninazopata Kituku, na unga wa mifuko hii yote. Wanasema changanya, ninachanganya. Sababu siijui."

Daktari aliusoma mfuko wa waridi, ule wa jogoo, ambao sikuwahi kuugusa kwa kuwa haukuwa na neno gumu. Kisha akanieleza kwa lugha ya jikoni, na ndiyo peke yake niliyoihifadhi. Ule unga mweupe si sumu, na una kazi yake. Lakini mwili lazima uupike kabla ya kuutumia, na kuupika kunakula makaa. Makaa hayo ni vitamini B12, ambayo hutoka katika nyama, samaki na maziwa, na kuku waliipata katika mfuko wa waridi na katika sambaza. Mimi, kama alikuwa anawaza sawa, nilikuwa nimeishiwa makaa siku nyingi, na kila asubuhi nilikuwa nabandika chungu kingine. Hakuweza kusema unga uliniumiza kwa kiasi gani. Hakufikiri kwamba ulinisaidia.

"Kuku wa wifi yako wanakula vizuri kuliko wewe," alisema.

"Na wao hawajui kusoma," Mama Riziki aliongeza.

"Kwa hiyo si ugonjwa wa mama yangu?" niliuliza.

"Sijasema hivyo. Nawaza. Vitamini hiyo hatuwezi kuipima hapa; damu itaenda Kigali. Sindano tutaanza leo, hatungoji. Lakini mishipa hupona polepole, na mingine haiponi. Usitegemee miguu ikupe jibu mapema."

Akatoa damu kwanza, kisha akanichoma sindano. Maji yake yalikuwa mekundu kama juisi ya watoto.

Damu ilivuka mpaka, mpaka ukafungwa nyuma yake. Nilihesabu wakati kwa sindano: zile za kila siku wakati mvua inanyesha mchana kutwa, zile za kila juma mvua zilipopungua. Mwili ulifanya mambo yake. Nililala kama mtoto mchanga. Miguu iliwaka moto, na daktari akasema kuwaka ni bora kuliko kunyamaza. Ulimi ulianza kukwaruza tena. Nilihisi chumvi, nikamshtua mume wangu kwa kusifia maharagwe. Asubuhi moja nilikanyaga kokoto pembeni ya kitanda ikaniuma, nikaiweka dirishani. Lakini ngazi za shule bado zilinishinda, gizani bado nilianguka, na kila nilipopiga simu hospitali kuuliza kuhusu Kigali, walisema bado.

Dawa ngumu zaidi ilikuwa mezani. Mama Riziki alichinja kuku, akaniwekea ini na paja kwenye sahani, mbele ya wageni wote, akasimama nyuma yangu kama askari. Nilishika paja lile sijui nilitazame wapi. Wajukuu walinitazama. Shangazi aliweka chini tonge lake.

"Siku hizi Mama Neema anakula kama mgeni," alisema.

Mume wangu hakuinua kichwa. "Ndiyo, Shangazi," alisema. "Amekuja kututembelea. Tunaomba akae sana."

Nilikula. Sikuwahi kula kitu kigumu kama paja lile, na lilikuwa limeiva vizuri. Siku tatu hivi Shangazi hakuzungumza nami. Siku ya nne alinisogezea kichwa cha sambaza kutoka sahani yake, bila neno, akaendelea kula.

Neema hakuacha kupiga simu. Alikuwa amefunga mizigo yake. Nilijua kwa sababu hakutaja tena masomo. Tulikubaliana angoje jibu la Kigali, si zaidi. Likija kwamba vitamini iko sawa, basi ugonjwa ni ule wa kwetu, naye atarudi akae nami, na atajua kinachomngoja. Nilimwomba Mungu kitu ambacho sidhani ameombwa mara nyingi: kwamba nionekane nilikosa kula.

Simu ililia mchana mmoja wa jua kali, kiangazi kimeanza, nikiwa nachambua maharagwe kwenye kibaraza. Ilikuwa namba ya daktari. Rezo ya simu ilikuwa mbaya, sauti yake inakuja na kwenda.

"Mama Neema, jibu limefika. Unanisikia? Hiyo vitamini karibu haimo kabisa katika damu ile. Karibu haimo."

"Maana yake?"

"Maana yake ni mbaya kwa mwaka uliopita na nzuri kwa mwaka ujao. Si ugonjwa wa ukoo. Ni wa sahani. Mwambie binti yako asome."

Nilimshukuru. Nilimshukuru tena. Nilitaka kukata ili nimpigie Neema, kidole kilikuwa tayari, lakini nikasikia mdomo wangu ukiuliza jambo jingine.

"Dokta. Na mama yangu?"

Nilisikia akifunua karatasi.

"Sikumwona mama yako," alisema. "Siwezi kumpima mtu ambaye hayupo. Alianza na ganzi ya nyayo, ulisema? Na kuanguka gizani?"

"Ndiyo."

"Nyumba yenu ilikuwa na watu wengi, wakati ule?"

"Siku zote."

"Alikuwa anakula nini?"

Nilifungua kinywa nimjibu. Nilimwona mama kwenye kiti chake, mwiko mkononi, akimpa huyu, akimpa yule, akiuliza nani hajapata. Nilitafuta sahani yake. Nilitafuta kwenye siku za kawaida, kwenye sikukuu, kwenye harusi ya dada yangu, kwenye miaka ya kabla ya kiti. Daktari alikuwa bado ananingoja kwenye simu.

"Sijui," nilimwambia. "Sikuwahi kumwona akila."